Mwalimu wa Hisabati Asipewe Kiingereza Bila Maandalizi

Ratiba ya vipindi ikishabandikwa ukutani, shule huonekana kuwa tayari kwa kazi. Kila kipindi kina somo lake, na kila somo lina jina la mwalimu. Hata hivyo, ratiba iliyojaa haithibitishi kwamba wanafunzi wanafundishwa. Zipo shule za sekondari ambamo mwalimu aliyesomea Hisabati hukabidhiwa Kiingereza cha Kidato cha Kwanza na cha Pili kwa sababu moja tu: mwenye somo hilo amehama, amestaafu, au hakupata kuletwa.

Si haki kumtupia lawama zote mkuu wa shule, kwani darasa haliwezi kukaa bure muhula mzima. Wala mwalimu anayeipokea kazi hiyo hastahili kubezwa. Kinachostahili kupingwa ni imani iliyojificha nyuma ya uamuzi huo, kwamba yeyote aliyesomeshwa kwa Kiingereza anaweza kukifundisha. Mtu hawi fundi saa kwa kuwa anavaa saa.

Uzito wa jambo hili watu wengi hawaupimi. Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma mwaka 1967, wengi wa watoto wetu hukutana na Kiingereza kama somo mojawapo tu. Wakiingia sekondari hukikuta ndicho lugha ya karibu masomo yote. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiendelee kutumika hadi sekondari, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ikaufungua tena mlango huo. Lakini Kiingereza kingali hapo. Madhali hali ndiyo hiyo, mwalimu wa Kiingereza wa Kidato cha Kwanza ndiye mwenye ufunguo wa Biolojia, Jiografia na Historia. Akiyumba yeye, masomo yote huyumba.

Kazi yake ina ujuzi wake. Kiswahili kina neno moja, «yeye», kwa mwanamume na mwanamke. Ndiyo maana mwanafunzi humwandika mama yake «he» badala ya «she». Kiswahili husomwa kama kiandikwavyo, Kiingereza sivyo. Makosa ya namna hii hayaondoki kwa wino mwekundu. Yanataka mwalimu anayejua chanzo chake, na darasa linalosikiliza, linalozungumza na kusoma kila siku. Aliyezoea kuandika kanuni ubaoni, kuonyesha mifano miwili na kutoa maswali kumi, asipoandaliwa ataifundisha sarufi vivyo hivyo. Wanafunzi wataikariri kanuni bila kufungua vinywa.

Hii haina maana kwamba mwalimu huyo hawezi kubadilika. Yeye amezoea kupanga somo hatua kwa hatua, na kuitazama njia aliyopita mwanafunzi kabla ya kulihukumu jibu. Tena anajua jinsi lugha inavyomwangusha mtoto mwenye akili: akiambiwa kwa Kiingereza «subtract 5 from 8», mwanafunzi anayejua vizuri kutoa huandika 5 − 8, kwa kuwa hakuielewa kazi ya neno «from». Mwalimu aliyeyaona hayo akipewa mafunzo anaweza kuwa mwalimu mzuri wa Kiingereza.

Lakini ipo hasara ya pili, nayo ni ya Hisabati yenyewe. Kwa miaka kadhaa hadi 2022, waliofaulu somo hilo katika mtihani wa Kidato cha Nne walikuwa takriban mmoja kati ya watano. Nchi yenye matokeo kama hayo haina mwalimu wa Hisabati wa ziada. Ufa wa Kiingereza hauzibwi kwa tofali lililong'olewa katika ukuta wa Hisabati.

Kwa hiyo yapo mambo matatu yanayopaswa kuzingatiwa. Kwanza, kabla mwalimu hajabadilishiwa somo, ofisi ya elimu ya wilaya itazame shule jirani. Huenda mwalimu wa Kiingereza anayekosekana hapa ana vipindi vichache kule. Pili, inapokuwa hapana budi, mwalimu apewe mafunzo wakati wa likizo, kabla ya kuingia darasani. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini upo, na utumike kwa haja hii. Apewe pia mwenzake mzoefu wa kumwongoza, na apunguziwe vipindi katika muhula wa kwanza, maana atakuwa mwalimu na mwanafunzi kwa wakati mmoja. Tatu, mabadiliko hayo yaandikwe, yawe na muda maalumu, na yakumbukwe siku ya kupima utendaji wake. Si uungwana kumpa mtu kazi asiyoisomea, kisha kumhoji kwa nini wanafunzi wake wameanguka.

Maofisa wanaotia sahihi ikama za walimu wasiridhike kwa kuona idadi imetimia. Wajiulize kila mmoja amesomea nini na anafundisha nini. Mtoto wa mkulima hana fedha za kununua masomo ya jioni. Alichonacho ni kile kipindi cha dakika 40 tu. Kipindi hicho kikipotea, hana pengine pa kukipata.