LISEMWALO SI LAZIMA LIWEPO



Iko methali moja ambayo wafitini wameigeuza kuwa sheria ya nchi. Wasema, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Ukimwuliza mtu ushahidi wa neno analolieneza juu ya kiongozi fulani, hukujibu kwa methali hiyo, kisha hutazama pembeni kama aliyeshinda kesi. Sisi twasema kwamba methali hiyo si shahidi. Haijapata kuapishwa mahakamani, wala haikuona lolote kwa macho. Na taifa litakalowahukumu viongozi wake kwa methali litakuja kutawaliwa na mwenye mdomo mkubwa kuliko wote.

Tusieleweke vibaya. Hatukushika kalamu ili kuwakinga wakubwa. Kiongozi aliyekula fedha za umma na atajwe, na hesabu yake iwekwe mezani, na ajibu mbele ya watu waliompa kura. Huo si uvumi. Hiyo ni kazi ya raia, na gazeti lisiloifanya linafaa kufungia maandazi tu. Tunachokipinga ni neno lisilo na baba wala mama: halijulikani nani ameliona, wapi, wala lini, lakini kabla ya jua kutua limekwisha kufika kila baraza, kila basi na kila simu.

Tutoe mfano ulio wazi, ambao jina la Afrika Mashariki limo ndani yake. Barack Obama alizaliwa Honolulu, katika Jimbo la Hawaii, tarehe 4 Agosti 1961. Baba yake alikuwa mwana wa Kogelo katika Kenya, aliyekwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1959. Magazeti mawili ya Honolulu yalitangaza kuzaliwa kwa mtoto huyo katika mwezi ule ule wa Agosti. Hapakuwa na siri yo yote. Lakini mwaka 2008, Obama alipogombea urais wa Marekani, walizuka watu wakasema kwamba hakuzaliwa huko, bali amezaliwa Mombasa. Na kwa kuwa Katiba ya Marekani haimruhusu kuwa Rais ila raia wa kuzaliwa, uwongo huo haukuwa porojo ya kupitishia jioni. Ulikuwa panga la kumkata miguu.

Mwaka ule ule wa 2008 cheti chake kilionyeshwa hadharani. Uvumi haukufa. Mwaka 2009 wakatoa karatasi waliyodai kuwa ni cheti chake cha kuzaliwa Mombasa. Karatasi hiyo iliandikwa kwamba imetolewa na Jamhuri ya Kenya katika mwezi wa Februari 1964. Ndugu msomaji, mtoto wa shule katika Kenya ajua kwamba nchi ile ilipata Uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na ikawa Jamhuri tarehe 12 Desemba 1964. Februari 1964 hapakuwa na Jamhuri ya Kenya ya kumpa mtu cheti. Mghushi hakujisumbua hata kufungua kitabu cha historia yetu, na waliomsadiki hawakujisumbua pia.

Ikambidi Rais wa nchi kubwa kama ile, tarehe 27 Aprili 2011, kutoa cheti kirefu cha kuzaliwa kwake ili kuwanyamazisha. Wengi hawakunyamaza. Donald Trump, aliyekuwa akipiga kelele kuliko wenziwe mwaka huo wa 2011, alikuja kukiri tarehe 16 Septemba 2016 kwamba Obama alizaliwa Marekani. Wazee wetu walisema njia ya mwongo ni fupi. Njia hii ilikuwa na urefu wa miaka minane, na mmoja wa wasafiri wake, chini ya miezi miwili baada ya kukiri, alichaguliwa kuwa Rais.

Twataka wananchi wayatazame mambo mawili katika habari hiyo.

La kwanza ni kwamba jina la nchi ya Kiafrika lilitumiwa kama tusi. Kusema "huyu ni wa Mombasa" kulikuwa njia ya kusema "mtu mweusi hawezi kuwa mwenyeji katika nyumba hii" bila ya kulitamka neno lenyewe. Huo ndio ufundi wa uvumi. Chuki ambayo mtu angeona haya kuisema waziwazi, huivika nguo ya swali: "Mbona haonyeshi cheti?" Akikionyesha, swali hubadilika: "Mbona amechelewa?" Anayeuliza namna hiyo hakutaka jibu tangu mwanzo.

La pili latuhusu sisi wenyewe. Mwezi wa Juni 1904 hapakuwa na Obama, lakini Juni 2004 alikuwapo, anagombea kiti katika Baraza la Seneti, na gazeti moja la Nairobi lilimwandika katika kichwa cha habari kuwa ni mzaliwa wa Kenya. Huenda mwandishi alijawa na fahari tu, kama wengi katika Afrika wakati ule. Lakini fahari si kipimo cha ukweli. Miaka ilipopita, wafitini wa ng'ambo waliliokota gazeti lile wakalipeperusha kama bendera: "Tazameni, hata Wakenya wenyewe wasema!" Vivyo hivyo mwaka 2008 Bibi Sarah Obama, mzee wa watu, alipigiwa simu kutoka Marekani akaulizwa maswali kwa mkalimani. Sauti yake ikanaswa, na kipande kilichoenezwa kilikatwa kabla ya pale iliposemwa wazi kwamba mjukuu wake alizaliwa Hawaii. Neno la mzee lilikatwa kama kitambaa, likashonwa nguo ambayo mwenyewe hakuiagiza.

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya Wamarekani. Wazee wetu waliyaona zamani. Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilimkamata Jomo Kenyatta, ikamshitaki Kapenguria kwa kuongoza Mau Mau. Shahidi mmoja mkubwa, Rawson Macharia, alidai kwamba alimwona Kenyatta akilisha watu kiapo. Aprili 1953 Kenyatta akahukumiwa miaka saba ya kifungo na kazi ngumu. Mwaka 1958 Macharia mwenyewe akaapa kwamba ushahidi ule ulikuwa wa uwongo, na kwamba mashahidi walikuwa wameahidiwa malipo. Serikali ilifanya nini? Ilimshitaki kwa kiapo cha pili, si kwa kile cha kwanza, na ikamfunga. Na mwaka 1960 Gavana Renison alikuwa bado anamwita Kenyatta kiongozi wa kuwapeleka watu gizani na mautini. Juni 1963 "kiongozi wa giza" huyo akawa Waziri Mkuu.

Basi yatupasa tujue kwamba uwongo haugeuki kuwa kweli kwa kuvaa joho la hakimu, wala kwa kupakwa wino wa gazeti, wala kwa kupita katika simu za watu milioni. Na tujue pia kwamba marekebisho hayarudishi kilichopotea. Ni nani aliyemrudishia Kenyatta miaka yake ya Lokitaung?

Sasa tutazame jinsi mtambo huu unavyozunguka siku hizi. Mtu asiyejulikana huandika neno moja juu ya Waziri au mpinzani: ana nyumba Ulaya, ana ugonjwa, ana mke wa siri, ana uraia wa nchi nyingine. Halitaji mahali wala siku. Wenziwe hulipeleka mbele, kila mmoja akiongeza chumvi yake. Kesho yake gazeti lisilotaka kuachwa nyuma huandika kwamba "kuna gumzo mjini" kuwa hivi na hivi, na mwishoni hutia alama ya kuuliza ili wakili wa mtu asiwe na la kushika. Ndipo yule wa kwanza hurudi kifua mbele akasema, "Si mmeona? Hata gazetini limo!" Gazeti lasema watu wamesema, watu wasema gazeti limesema. Wote wawili wamesimama, kila mmoja ameegemea bega la mwenziwe, na chini yao hapana ardhi.

Wako watakaotuambia kwamba dawa ni kamata-kamata. Hatukubali. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alishitakiwa kwa maneno yaliyoandikwa katika Sauti ya TANU juu ya mabwana shauri wawili. Akatozwa faini ya shilingi 3,000, au kifungo cha miezi sita. Mkoloni naye alidai kwamba analinda heshima ya watu na ukweli. Sheria iliyomwekea mtawala mamlaka ya kupima ukweli peke yake, hupima upande mmoja tu.

Na kimya cha wakubwa ndicho kinachoulisha uvumi. Tukumbuke mwezi wa Machi 2021 katika Tanzania. Rais John Magufuli hakuonekana hadharani kwa majuma mawili na zaidi. Wananchi wakauliza. Waliambiwa kwamba Rais yu mzima na anachapa kazi, na baadhi ya watu wakakamatwa kwa kueneza habari za ugonjwa wake. Uvumi ukasema yuko hospitali Nairobi, ukasema amepelekwa India. Tarehe 17 Machi Makamu wa Rais, Mama Samia Suluhu Hassan, alilitangazia taifa msiba: Rais amefariki Dar es Salaam kwa ugonjwa wa moyo. Alilazwa tarehe 6 katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, akaruhusiwa tarehe 7, na tarehe 14 akapelekwa hospitali ya Mzena.

Nani alishinda hapo? Mvumishaji aliyesema Nairobi na India hakusema kweli. Lakini ofisi iliyosema kwamba hapana neno, nayo haikuwaambia wananchi kweli. Mwananchi wa kawaida, anayemwombea Rais wake, aliachwa kati ya mwongo na mnyamavu. Polisi hawakuua uvumi ule hata siku moja. Uliouawa na taarifa yenye tarehe, mahali na jina la ugonjwa. Kama taarifa ya namna hiyo ingetolewa mapema, mwenye Nairobi yake na mwenye India yake wangekosa wateja.

Tuna neno pia kwa wenzetu wa matawini. Wako wanachama hodari, wenye kadi na wenye kulipa ada, ambao uvumi ukimgusa kiongozi wa chama chetu husimama juu ya kiti wakadai ushahidi. Lakini ukimgusa mpinzani, huupokea kwa vigelegele na kuupeleka hata kabla ya kuusoma hadi mwisho. Ndugu hao twawaambia waziwazi: huo si uzalendo. Panga la uvumi halina kadi ya chama. Leo limemkata jirani, kesho litarudi nyumbani, na siku hiyo hamtakuwa na ulimi wa kulikataa.

Na hasara kubwa kuliko zote ni hii. Wananchi wakidanganywa mara kumi, mara ya kumi na moja hawatasadiki hata kweli. Siku mkaguzi wa hesabu atakapoleta kitabu chake, kurasa kwa kurasa, kikionyesha fedha za zahanati zilikokwenda, mwizi atatabasamu na kusema, "Ni uvumi tu huo, mwawajua wapinzani wangu." Na watu, waliochoka, watamwacha apite. Kwa hiyo mvumishaji si adui wa kiongozi mwovu, kama anavyojisifu. Ni mlinzi wake wa usiku.

Basi tufanyeje? Kila mwananchi aletewapo neno juu ya kiongozi, awe wetu au wa wenzetu, aulize maswali matatu: Nani ameliona? Wapi na lini? Liko karatasi gani ya kulithibitisha? Mletaji akikosa jibu, neno hilo life hapo hapo mlangoni. Mwenye gazeti afute katika kamusi yake neno "inasemekana", na akikosea aandike sahihisho katika ukurasa ule ule na kwa herufi kubwa zile zile alizokosea nazo. Mwenye ofisi aseme mapema, aseme yote, wala asingoje mpaka mtaa umsemee. Na tawi litakalokutana Jumapili lisifungue mkutano kwa habari za redio mbao. Lifungue kwa hesabu za tawi.

Taifa tulilopigania halikujengwa kwa "wamesema". Lilijengwa na watu waliosimama jukwaani, wakataja majina yao, wakasema waliyoyajua, na wakawa tayari kufungwa kwa ajili ya maneno yao. Anayetaka kumshitaki kiongozi mbele ya umma na asimame vivyo hivyo. Asiyeweza kuweka jina lake chini ya neno lake, nasi tusiliweke neno lake katika vinywa vyetu.