Ilimu Bila Cheti

Mwaka 1979 utungo wa Sambo ya Kiwandeo, unaoeleza uundaji wa vyombo Lamu, ulichapishwa Leiden, Uholanzi. Mtungaji, marehemu Ahmed Sheikh Nabhany wa Matondoni (1927–2017), hakusomea chuo kikuu. Ilimu aliirithi kwa wazee wake, nayo ikawa kazi yake. Maprofesa walimwendea yeye.

Je, wangapi wana bahati hiyo? Mimi nilianza kwa alifu na ubao chuoni. Nimewasomea watafiti miswada ya hati za Kiarabu hadi usiku mkuu. Wao wakapata shahada. Mimi kikombe cha kahawa na ahsante. Thawabu siikatai, ila muuza samaki hapokei ahsante.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua sera ya kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Ni jambo la heri. Lakini seremala hupimwa kwa kiti alichokiunda. Mjuzi wa tenzi atapimwa na nani? Tusipokuwamo miongoni mwa wapimaji, tutatahiniwa na wanafunzi wetu.

Basi, ndugu zangu, misikiti na vyuo vyetu vipeleke majina ya wajuzi. Tukingoja kuitwa, tutapitwa.