Daktari wa simu na sharti la ofisi
Ndugu zetu wengi waliokimbilia Marekani kutoka Kongo hutibiwa kwa Medicaid, bima ya serikali kwa wenye mapato madogo. Kila jimbo huendesha yake, na daktari asiyeandikishwa humo halipwi. Majimbo mengine yamemdai hata anayetibu kwa simu tu awe na ofisi ndani ya jimbo. Sharti hilo lilegezwe, leseni na ukaguzi vibaki: mshauri wa waliojeruhiwa na vita, anayesema Kiswahili, ni nadra, na huenda anaishi mbali. Ila sheria ya Julai 2025 inawaondoa wakimbizi wengi katika Medicaid kuanzia Oktoba 2026, mpaka wapate ukaaji wa kudumu. Makanisa ya kule yawasaidie waliotimiza mwaka kuuomba.