Dola Milioni 95 na Hadithi Isiyosimama

Lara Croft Tomb Raider: The Cradle of Life ni filamu ya Marekani ya mwaka 2003 iliyogharimu takriban dola milioni 95. Iliongozwa na Jan de Bont, skripti ikiwa ya Dean Georgaris. Ndani yake Angelina Jolie, akiwa Lara Croft, anashindana na Jonathan Reiss, mwanasayansi anayeuza silaha za kibiolojia, kulipata Sanduku la Pandora lenye maradhi ya kuangamiza watu. Sanduku limefichwa karibu na Mlima Kilimanjaro, ingawa picha za Afrika zilipigwa Kenya, zikiwemo za Hell's Gate.

Fedha inaonekana kwenye kila picha. Kilichokosekana ni uandishi. Lara na rafiki yake Kosa wanafika kwa wenyeji, na mzee anawaonya kwamba mahali lilipofichwa sanduku pana viumbe waitwao Walinzi wa Kivuli. Muda si mrefu askari wa Reiss wanawashambulia na kuwaua wenyeji waliofuatana na Lara. Mzee haulizwi siri ya mahali hapo imetunzwaje, wala watu wake wanaishije jirani na hatari kama hiyo. Onyo likishatoka kinywani mwake, hadithi haina haja naye tena. Walinzi nao wanachomoza ardhini na mitini, wanararua askari, kisha wanayeyuka Lara anapoliweka tufe, ufunguo wa maficho ya sanduku, kwenye tundu lake. Hofu yote inaisha kwa kifaa, wala hakuna aliyelazimika kuchagua jambo gumu.

Mwandishi wa hadithi za kubuni, zikiwemo za kisayansi, ana ruhusa ya kubuni ulimwengu wenye kanuni zake. Akishaziweka, zinambana yeye kwanza. Pumzi, filamu ya dakika 21 ya Mkenya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009, inalionyesha hilo kwa bajeti ndogo sana. Dunia imeishiwa maji, na watu wanasafisha jasho na mkojo wao ili wanywe. Asha anapokea udongo wenye unyevu, anapanda mbegu, inachipua. Anakatazwa kutoka nje, anatoroka, na mwisho anaupa mche maji yake ya mwisho jangwani. Kila tukio linazaliwa na lililotangulia.

Kilimanjaro ina mali ghafi ya aina hiyo hiyo. Kati ya mwaka 1912 na 2007, eneo la barafu ya mlima lilipungua kwa asilimia 85. Wachagga wamechimba mifongo ya kuteremsha maji mashambani kwa vizazi vingi, na wanagawana kwa zamu. Mwandishi anayeisogeza zamu hiyo miaka mia moja mbele, maji yakiwa nusu ya yaliyopo, ana sheria, ana mgogoro, na ana mzee wa mfongo ambaye neno lake linaamua nani anyweshe migomba. Kuandika hayo, na kuyaandika upya hadi yasimame, ndiyo kazi ya bei nafuu kuliko zote katika filamu, na ifanyike kabla kamera haijakodiwa. Mtazamaji wa Njoro, mjini Moshi, anajua maji yanatoka wapi. Ataiamini hadithi inayojua hivyo pia.