Karatasi ya Mashine Haitoshi Kutambua Kifafa

MAMA mmoja alinijia kliniki na mwanawe wa miaka 14, mkono umefungwa bendeji. Miezi miwili awali, kijana huyo alikuwa amepimwa mawimbi ya ubongo na majibu yakatoka safi. "Daktari, mashine ilisema hana kitu," mama alinieleza, "ndipo tukazitupa zile dawa." Kijana alianguka kifafa karibu na jiko, makaa yakamchoma.

Msomaji mpendwa, kosa hili nimeliona mara nyingi, na si la wazazi pekee. Sisi madaktari tumewazoesha watu kuamini kwamba mashine haikosei.

Kipimo hiki, ambacho hospitalini huitwa EEG, kilianzishwa na daktari Mjerumani, Hans Berger, aliyenasa mawimbi ya ubongo wa binadamu mwaka wa 1924. Mgonjwa hubandikwa visahani vidogo vya madini kichwani, na mashine huandika umeme hafifu unaotoka katika ubongo. Hakuna umeme unaoingizwa mwilini, wala hakuna maumivu. Kwa kawaida mawimbi hunaswa kwa dakika 20 hadi 30.

Hapo ndipo penye tatizo. Kifafa hakimshiki mtu kila dakika. Kati ya shambulio moja na jingine ubongo wa mgonjwa huweza kutulia kabisa, na mashine huandika utulivu huo. Kipimo cha kwanza huonyesha dalili za kifafa kwa takriban nusu tu ya walio nacho. Kukirudia, hasa mgonjwa akiwa amekesha kisha apimwe akisinzia, huongeza uwezekano wa kuziona.

Kinyume chake pia ni kweli. Wapo watu wachache ambao hawajaanguka kamwe, lakini karatasi zao zina michongoko kama ya kifafa. Tena, kupepesa macho, kuuma meno au waya uliolegea huchora mistari ambayo daktari asiye na uzoefu huweza kuidhania ugonjwa. Mtu akimezeshwa dawa kwa miaka kwa kosa kama hilo, ameonewa.

Maoni yangu ni haya: kifafa hutambuliwa kwanza kwa masikio ya daktari, kisha mashine. Anayejua zaidi ni yule aliyemwona mgonjwa akianguka. Je, mkono upi ulianza kutetemeka? Macho yalielekea wapi? Ilichukua dakika ngapi? Alipozinduka, alikuwa amechanganyikiwa? Ikiwezekana, mmoja amhudumie mgonjwa na mwingine apige video kwa simu. Daktari akikuandikia kipimo kabla ya kuuliza haya, mweleze hata kama hajauliza.

EEG ina kazi yake. Husaidia kujua aina ya kifafa, na hivyo dawa inayofaa. Kabla ya kupimwa, osha nywele na usipake mafuta. Kama umesuka, uliza mapema iwapo utahitajika kufumua. Meza dawa zako kama kawaida, ila daktari aseme vingine.

Na majibu yakitoka safi, usiache dawa kwa uamuzi wako. Kuziacha ghafla kunaweza kuleta shambulio lisilokoma, ambalo huweza kuua. Yule kijana amerudia dawa zake na hajaanguka tena. Lakini kovu la mkononi atakuwa nalo maisha yake yote.