Pevu Si Bivu

Sisi watu wa pwani twajua umri wa tunda kama tujuavyo umri wa mtoto. Embe huanza changa, likawa pevu, mwisho bivu. Lililo pevu twalivumbika, likaiva nyumbani. Changa nalo halikosi kazi: lina chumvi na pilipili, lina achari.

Parachichi, ambalo wengine huliita pea, halina huruma hiyo. Siku hizi wakulima wengi wa Kericho na Bomet wamelipanda kando ya michai yao. Tunda hili haliivi mtini. Hupevuka mtini, kisha hulainika baada ya kuchumwa. Likichumwa changa hunywea, likawa kama mpira. Aliyepata kulinunua pale Kongowea, akalingoja wiki nzima, anajua nisemalo.

La ajabu ni kwamba watu wa huko ni mabingwa wa kuchagua. Mchuma chai huchukua majani mawili na ncha yake, mengine akayaachia zamu ijayo. Lakini dalali akija na fedha mkononi, na karo ya shule yadaiwa, mti mzima huvuliwa nguo siku moja, pevu na changa pamoja. Novemba 2021 serikali ilifunga msimu wa kuchuma maparachichi ya kuuza ng'ambo, ili machanga yasiharibu soko.

Kulitambua pevu si kazi ngumu. Chuma moja, ulikate. Ngozi ya kokwa ikiwa nyeupe na nene, ngoja. Ikiwa ya kahawia, nyembamba kama karatasi, chuma. Tena Kericho iko juu, kiasi cha mita 2,000, na baridi huchelewesha tunda. Mkulima wa huko asifuate kalenda ya nchi za joto.

Mtume (S.A.W.) alikataza kuuza matunda kabla ya kudhihiri kupevuka kwake, akamkataza muuzaji na mnunuzi pia. Wanavyuoni wengi waliruhusu yakatwayo papo hapo, mradi yana manufaa. Haya, embe bichi lina manufaa. Parachichi changa lina manufaa gani?

Basi tusimtupie mkulima lawama zote. Dalali anayo sehemu yake, nasi tununuao bila kuuliza tunayo yetu. Mvumilivu hula mbivu, ni kweli. Lakini kwanza aliache tunda lipevuke.