Ndege Zapita Juu ya Majani Chai

Mama mmoja mkulima wa chai, wa upande wa Bomet, aliwahi kuniuliza swali ambalo kwa mwalimu wa Jiografia wa miaka mingi kama mimi lilipasa kuwa jepesi. Tulikuwa tukimsindikiza binti yake, mwanafunzi wangu wa zamani, aliyekuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi ng'ambo. Tuliondoka nyumbani usiku wa manane ili tuwahi Nairobi, na nauli ya jamaa wote waliokuja kumuaga ilikuwa imekula sehemu kubwa ya bonasi ya chai. Tuliposhuka Narok kunywa chai, ndege ikapita juu ikielekea magharibi, huko tulikotoka.

"Mwalimu," akasema, "Kisumu kuna uwanja wa ndege, Eldoret kuna uwanja wa ndege, na yote miwili tunaambiwa ni ya kimataifa. Mbona mtoto wangu hakupandia huko?"

Nilimjibu kwa maneno ya kitabuni, kuhusu idadi ya abiria na masharti ya biashara. Hakuridhika, wala mimi sikuridhika. Makala haya ni jibu langu la pili.

Nchi ya chai, yaani Kericho na Bomet, imekaa baina ya miji mikuu miwili. Magharibi, chini kwenye joto la ziwa, kiko Kisumu, mwendo wa kilomita 80 hivi kutoka mji wa Kericho. Kaskazini, juu kwenye baridi ya mahindi na ngano, kiko Eldoret. Mwanafunzi anayetaka kujua jinsi miji inavyozaliwa asiende mbali. Aitazame miji hii miwili.

Kisumu ni mtoto wa reli. Reli kutoka Mombasa ilifika ukingoni mwa ziwa mwaka 1901, na Waingereza wakapaita mahali hapo Port Florence. Bandari ikavuta biashara, biashara ikavuta watu. Mwaka 1931, shirika la Imperial Airways lilipoanzisha safari za kutoka London hadi Mwanza, ndege zake za majini zilitua Kisumu juu ya maji ya ziwa. Kwa hiyo barua ya London iliweza kufika Kisumu kwa ndege wakati ambapo mashamba makubwa ya chai ya Kericho, yaliyoanzishwa na kampuni za Kiingereza katika miaka ya 1920, yalikuwa bado machanga. Kisumu kilipewa hadhi ya jiji mwaka 2001. Uwanja wake ukapanuliwa, na kufikia mwaka 2012 barabara ya kurukia ndege ilikuwa imefikia kilomita 3 na zaidi.

Eldoret nacho ni mtoto wa shamba. Kilianza kama kituo cha walowezi kwenye shamba nambari 64, na hadi leo wazee hukiita Sisibo kwa kukumbuka nambari hiyo. Kikakua kwa nafaka na viwanda, na baadaye kwa Chuo Kikuu cha Moi kilichoanzishwa mwaka 1984 na kwa wanariadha ambao dunia nzima inawajua. Uwanja wake wa ndege ulifunguliwa mwaka 1997, wakati wa utawala wa Rais Moi, baada ya mabishano makali. Wafadhili wa nje walisema nchi haikuuhitaji. Mnamo Agosti 15, 2024, Eldoret kikatawazwa kuwa jiji la tano la Kenya.

Hapa kuna somo la Fizikia pia. Uwanja wa Eldoret uko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ilhali wa Kisumu uko kwenye mita 1,150 hivi. Kule juu hewa ni nyepesi. Bawa hupata nguvu ndogo ya kuinua na injini huvuta hewa haba, hivyo ndege hulazimika kukimbia masafa marefu zaidi au kupunguza mzigo. Ndiyo sababu mojawapo ya Eldoret kujengewa barabara ya takriban kilomita 3 na nusu.

Sasa nirejee kwenye swali la mama. Abiria walio wengi katika viwanja vyote viwili huenda Nairobi na kurudi. Neno "kimataifa" lina maana kubwa kwa mizigo, hasa Eldoret, ambako ndege hushusha bidhaa kutoka Mashariki ya Mbali na Ghuba. Lalamiko la miaka mingi ni kwamba ndege hizo huja zimeshiba na kuondoka na njaa. Hushusha nguo na simu, kisha huruka zikiwa karibu tupu juu ya mojawapo ya nchi zenye rutuba kubwa zaidi katika Afrika Mashariki.

Msomaji atauliza: je, chai yetu haiwezi kujaza ndege hizo? La hasha. Chai iliyokwisha kukaushwa haiozi upesi, na bei yake kwa kilo haiwezi kubeba nauli ya ndege. Hupakiwa kwenye malori hadi Mombasa, huuzwa mnadani, kisha huvuka bahari kwa meli. Kinachooza ni jani bichi. Jani likishachumwa huanza kunyauka, na likibanwa guniani huchemka na kuharibika; lazima lifike kiwandani siku hiyo hiyo. Kilo 4 hadi 5 za majani mabichi hutoa kilo 1 ya chai, kwa hiyo lori linalokwama matopeni jioni moja humpokonya mkulima jasho la siku nzima. Kwake yeye, safari inayoamua riziki ni ile ya kilomita chache kutoka kituo cha kununulia majani hadi kiwandani.

Kwa sababu hiyo sipumbazwi na ahadi za kutujengea uwanja mkubwa wa tatu. Pale Kerenga, kando ya mji wa Kericho, tunao uwanja mdogo uliozungukwa na chai. Wako wanaotaka upanuliwe, nao wana hoja. Wagonjwa mahututi huhitaji kufikishwa hospitali upesi, na Bomet ina hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa mwaka 1937, ambayo leo inasifika kwa upasuaji wa moyo. Watalii na wawekezaji nao huchukia safari ndefu za barabara. Hoja hizi nazikubali, lakini haja ya dharura hutoshelezwa na uwanja mdogo unaotunzwa vyema na kukatwa nyasi. Uwanja mkubwa wa tatu ungegawana abiria wale wale wa Kisumu na Eldoret, huku barabara za vituo vya majani zikiendelea kugeuka mito kila msimu wa mvua.

Nionavyo mimi, yapo mambo mawili ya kutangulizwa. Kwanza, barabara hizo zitiwe changarawe na madaraja kabla ya shilingi moja kumwagwa katika lami ya ndege. Pili, ndege ziondokazo Eldoret na Kisumu zipewe cha kubeba. Maua, mboga na parachichi huweza kumea katika nyanda zetu, lakini mkulima hatathubutu kuzipanda kwa wingi kabla ya kuwapo vyumba vya baridi na wakaguzi wa mazao katika viwanja hivyo. Kaunti za Kericho na Bomet tayari ni wanachama wa jumuiya ya kiuchumi ya kanda ya ziwa pamoja na Kisumu. Hiyo ndiyo meza ya kuuliza maswali haya, na majirani wa Uasin Gishu waalikwe. Asiyekuwapo na lake halipo. Viwanja vilipopangwa, mkulima wa chai hakuwapo, ndiyo maana ndege humpita juu.

Kwa walimu wenzangu nina ombi. Tunapofundisha uchukuzi, tusiwaachie wanafunzi orodha ya viwanja vya ndege waikariri. Tuwatume kwenye kituo cha majani kilicho karibu na shule wakiwa na saa na daftari. Waandike lori lilifika saa ngapi, lilikwama mara ngapi, na majani kiasi gani yalikataliwa. Takwimu hizo, zikiletwa na watoto wa wakulima wenyewe, mwakilishi wa wadi hatazipuuza kwa urahisi.

Yule binti alifika alikokwenda, naye anaendelea na masomo. Mama yake bado huchuma chai, na kila tukutanapo huniuliza iwapo nimelipata jibu. Nitampelekea gazeti hili. Namjua, akimaliza kusomewa ataniuliza barabara ya kituo chao itaanza kutengenezwa lini. Hilo si langu kulijibu, na wanaopaswa kulijibu wanasoma gazeti hili pia.